Arusha, jezi ya Arsenal na dhahabu tuliyoiacha

Basi la kutoka Tanga lilitushusha Arusha usiku, na gesti ya karibu na stendi ikanitoza bei ya Zanzibar kwa chumba kisicho na maji ya moto. Kwa baridi ile, ni dhuluma. Nilikwenda kuuona uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti, wa watazamaji 30,000. Olmoti nilifika kwa bodaboda, ghali nayo, nikarudi. Kilichonishika ni mazungumzo ya nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mjini.

Kijana aliyetuuzia kahawa alivaa jezi ya Arsenal, na mkononi mwa jezi kuna mwaliko wa kwenda kutalii Rwanda. Hapa, chini ya Mlima Meru! Rwanda ililipia nafasi hiyo kuanzia 2018, ikafuata PSG, kisha Bayern. Na 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Nikamwambia mzee aliyekaa pembeni yangu, "Shikamoo mzee. Majirani wametuacha mbali."

"Marahaba, mwanangu. Bayi unamjua?"

Kahawa ikapoa akisimulia. Filbert Bayi, mwanariadha wetu mzaliwa wa Karatu, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, 1974: aliongoza mita 1500 tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16, nyuma yake John Walker wa New Zealand, kwao kabisa. Dunia ikasubiri Olimpiki ya Montreal 1976 wakutane tena. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini, New Zealand haikufungiwa, na nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwemo. Dhahabu akachukua Walker.

"Hatukunyang'anywa," mzee alisema. "Tuliiacha wenyewe, ili watu wajue sisi ni nani."

Siwalaumu Rwanda, watalii ni ajira. Ila mkataba ukiisha, mkono wa jezi huandikwa jina la mwingine. Waliyoyafanya akina Bayi hayana mkataba wa kuisha. Na hatujakauka: Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025.

Nyumbani Tanga wapwa zangu wanakutajia kikosi chote cha Arsenal, Bayi hawamjui. Mgeni wa AFCON 2027 akishuka uwanja wa ndege wa KIA, nataka akutane na picha ya Bayi kabla ya picha ya simba, na wapwa zangu waweze kumweleza ni nani.