Uzi wa kushonea viatu

Juzi usiku mwanangu wa mwisho kaniita chumbani, eti baba njoo uone, blanketi lina mdomo. Nikaenda. Kweli lina mdomo, kidole chake kimezama mpaka pingili ya pili na pamba inachungulia pembeni. Blanketi lenyewe ni lile la viraka la mama mkubwa, lipi lingine. Nikasogeza taa, nikajikuta nimekaa kitako sakafuni, maana ule mshono nilioushona mimi mwenyewe nikiwa na miaka 14 ulikuwa mzima kabisa, haujalegea hata kidogo, kilichochanika ni kitambaa cha pembeni yake, kimefuata mstari kama kimepitishiwa wembe.

Ile mara ya kwanza ulikuwa ugomvi wa usingizini tu. Tulikuwa tunalala mzungu wa nne mimi na kaka, kila mtu anavuta kwake, tukasikia trrrr. Kaka akageukia ukutani akaanza kukoroma hapo hapo, nikabaki na kesi peke yangu. Mama mkubwa alikuwa safarini, anarudi baada ya siku 2, na lile blanketi alilishona kwa mkono, kiraka kwa kiraka, bila cherehani. Bora ningekamatwa na kosa lingine lolote.

Asubuhi nikalipeleka dirishani kwenye mwanga nikaupanua ule mdomo. Hapa ndo huwa pananirudia. Viraka viwili vilivyoachana vilikuwa vya rangi ya majivu, mimi tangu nizaliwe ndo nilivyovijua hivyo. Sasa nikaukunjua ule ukingo uliofichwa ndani ya mshono, mwembamba tu, robo inchi hivi, haujawahi kuona jua. Bluu. Bluu ya wino kabisa, ina vidoti vyeupe vidogo kama punje za chumvi. Nikakunjua na wa kiraka cha pili, kijani, kijani cha majani mabichi. Ina maana blanketi lote lilikuwa hivi! Nikawa napindua, juu majivu, ndani bluu, juu majivu, ndani bluu, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Na yale matundu ya sindano ya mama mkubwa yamejipanga, karibu karibu, mengine bado yana kipande cha uzi wake, uzi wa pamba uliochoka, ukiugusa tu unakatika bila hata sauti. Kitambaa chenyewe hakikuwa na jeraha hata moja.

Nikasema basi, tatizo ni uzi. Fundi bingwa mimi nikatafuta uzi wa nailoni, ule wa kushonea viatu.

Kazi nyingine sikuharibu, niacheni nijisifu. Kingo zote mbili nilizirudisha kwenye mikunjo yake ya zamani, fundo nikalificha ndani, nikaanzia nyuma kidogo ya pale palipofumuka ili nishike na sehemu nzima, halafu sindano inapita ndani ya mkunjo wa huku, inavuka, inapita ndani ya mkunjo wa kule, inavuka tena, ukiangalia unaona ngazi, na ukivuta uzi vile vipago vya ngazi vinazama na mdomo unafumba wenyewe. Bluu ikaingia ndani taratibu. Pale mwishoni nilisita, nusu nilitaka niache hata kidogo nje.

Mama mkubwa aliporudi hakuuliza kitu. Usiku wakati anatandika alipitisha kidole gumba pale pale, akakirudisha, akalivuta blanketi huku na huku.

"Huu uzi, baba, hautakatika."

Basi. Akaendelea kutandika. Mimi miaka yote nimetembea na maneno yale kama cheti.

Sasa juzi blanketi liko mapajani najiuliza alikuwa ananisifu au ananipa taarifa. Maana uzi wake ulizidiwa ukakatika, kitambaa kikabaki salama, unashona tena maisha yanaendelea. Wangu umegoma kukatika, kila tukivuta, kila tukifua, unakisaga kitambaa tu, mpaka chenyewe kikaachia. Alijua? Au alikuwa amechoka na safari akasema tu alichokiona? Wa kumuuliza hayupo. Nikampigia kaka, akacheka sana, eti yeye asiulizwe, alikuwa kalala.

Ule uzi nimeukata, pingili moja moja, kwa ncha ya mkasi, na unateleza huo! Safari hii nimetafuta uzi wa pamba, mwembamba, na pale palipochanika lazima kwanza niingize kitambaa laini kwa chini kushikilia, la sivyo sindano haina pa kushika. Kila kitu kiko mezani, uzi nimeshautunga kwenye sindano.

Ila mwanangu kila akirudi shule anapitia pale, anakunjua ukingo, anaangalia bluu, anaufunika. Nimemwambia kesho nashona. Hiyo kesho ni tangu Jumanne.