Maganda yaliyobonyea: nilivyoipata hitilafu ya bastola yangu

Maganda ya risasi yalianza kutoka yakiwa yamebonyea mdomoni. Bastola ilikuwa haikwami, shabaha iko pale pale, na wenzangu kwenye uwanja wa shabaha wakaniambia niachane nayo. Sikuweza. Ganda likitoka limeumia, kuna mahali limegonga, na silaha nisiyoielewa siwezi kulala nayo nyumbani.

Kwanza nilitaka kujua kama linaumia ndani au likianguka. Sakafu ya pale ni saruji, na shaba ya ganda ni nyembamba zaidi mdomoni, kwa hivyo hata kuanguka tu kwaweza kulibonyeza. Nikatundika kipande cha jarife (wavu wa kuvulia) kuukuu upande wa kulia, nyuma kidogo ya mstari wa kufyatulia. Maganda yakanaswa kabla ya kugusa chini, na bado yalikuwa na kibonyeo, tena upande ule ule. Basi si sakafu.

Nikabadilisha magazini, kile kikasha cha risasi, hakuna tofauti. Nikabadilisha risasi, kutoka zile za milimita 9 zenye kichwa cha greini 124 (greini ni kipimo cha uzito) hadi nyepesi zaidi za greini 115: kibonyeo kikapungua kidogo, hakikuisha. Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Kisha nikatoa magazini, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, ni tupu kwa macho na kwa kidole, nikalitazama tundu la kutokea maganda kwa tochi. Ukingoni mwake, kwa nyuma, palikuwa na mstari wa njano: shaba iliyojipaka kwenye chuma. Nikarudi kwenye maganda, nikayageuza kitako. Alama ya pini, ile inayogonga risasi iwake, kwenye fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, haikuwa kitone cha duara, ilikuwa na mkia. Bastola nyingine hufanya hivyo tangu zikiwa mpya, lakini yangu haikuwa na tabia hiyo. Mkia huo hutokea mtutu unaposhuka huku pini bado haijarudi. Dalili zote mbili zikanielekeza kwenye springi ya kurudisha slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukifyatua: ikichoka, slaidi hurudi nyuma kwa kasi, mtutu hushuka mapema, na ganda hurushwa kwa nguvu kupita kiasi.

Lau ganda lingekuwa limetuna karibu na kitako, au limepasuka, au fataki imebapa na kutaka kutoka, nisingefyatua hata risasi moja zaidi. Hayo ni mambo ya shinikizo, si ya springi.

Bastola niliipeleka kwa fundi aliyesajiliwa, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu yeyote tu kufanya biashara ya kutengeneza silaha. Yule mzee akaisimamisha springi yangu mezani kando ya mpya. Yangu ilikuwa fupi waziwazi, na ina kutu ya kahawia katikati ya mizunguko.

“Mwanangu, hii hewa yetu ya bahari haichezi,” akaniambia. “Usingoje hadi ipigwe ndipo uisafishe. Hata ikikaa kabatini, itoe uipake mafuta.”

Kwa springi mpya, mkia kwenye fataki ukaisha na midomo ya maganda ikabaki duara. Ule mstari wa njano niliufuta kwa kitambaa, na kila nikimaliza mazoezi hutazama kama umerudi.