Nyumba ya mabati isiyo na kioo hata kimoja

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika, feni ikasimama, ndani hapakaliki, nikachukua mkeka na watoto tukaenda kulala barazani. Na nje kulikuwa na upepo mzuri tu wa bahari! Yaani upepo upo hatua tatu kutoka kitandani kwangu, nyumba niliyojenga kwa jasho langu ndo inauzuia, iliniuma sana.

Nikaikumbuka nyumba ya Marika-Alderton, iko Yirrkala, kaskazini kabisa mwa Australia, joto na unyevu kama huku kwetu pwani. Aliichora msanifu majengo Glenn Murcutt kwa ajili ya Banduk Marika, msanii wa Kiyolngu, wenyeji wa asili wa huko, na mwenzake Mark Alderton, ikaisha 1994. Haina kioo hata kimoja. Kuta ni plaiwudi na fito za mbao, zinanyanyuliwa kama mtu anavyofungua kibanda cha duka asubuhi, ukishanyanyua zote nyumba nzima inakuwa baraza, umekaa ndani lakini unamwona mgeni kabla hajapiga hodi. Sakafu iko juu ya nguzo, upepo unapita chini na maji ya bahari yakipanda yana pa kupita. Na paa ni mabati jamani, mabati! Ila yametokeza mbali nje ya ukuta, jua haliugusi, halafu juu kabisa ya paa kuna mabomba ya kutoa hewa ya moto, na kimbunga kikija yanapunguza mgandamizo usije ukang'oa paa. Mwaka 2002 Murcutt akapewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu majengo.

Kwa hiyo tusisingizie bati. Mimi nilikubali bati liishie karibu na ukuta ili zipungue bando, nikaweka madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi ambayo nusu tu ndo inafunguka, na mwembe uliokuwepo kiwanjani tukaukata siku ya kwanza kabla hata ya kuchimba msingi. Huo mwembe ndo unaniuma kuliko vyote.

Nimeshaongea na fundi, upande wa bahari tunatoa vioo tunaweka mbao za kunyanyua na wavu wa mbu, grili inabaki maana wezi wapo. Bati tutaliongeza mbele hela ikipatikana. Mche wa mwembe nimepanda juzi, unanifika magotini.