Tarehe za maandishi kwenye makro ya SAS: zigeuze namba zikiwa bado mlangoni

Kwa SAS, ile programu ya kuchambua data, tarehe ni namba tu, ni hesabu ya siku tangu 1 Januari 1960 ambayo yenyewe ni 0. Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, ni 708, na siku TANU inazaliwa, 7 Julai 1954, iko upande wa hasi, -2004. Ukitaka siku kati ya tarehe mbili unatoa moja kwa nyingine, basi.

Sasa ukiingia kwenye makro, yaani ile sehemu ya SAS inayokuandikia kodi, mambo yanabadilika, maana huko kila kitu ni maandishi, hata ukiandika 5 ni herufi tu mpaka kitu fulani kiamue kuifanyia hesabu. Na tarehe ndo inaumia zaidi. Chukua hii:

%let a = 15MAR2024;
%let b = 02APR2024;
%if &a > &b %then ...

SAS itakwambia ndiyo, 15 Machi imezidi 2 Aprili, kwa sababu inalinganisha herufi kwa herufi na "1" inahesabiwa kubwa kuliko "0". Logi, yaani ripoti ambayo SAS inaandika ikiendesha kodi, haina neno lolote jekundu. Mbaya zaidi ni zile zenye alama, kwa sababu %if inaita %eval, kikokotoo cha makro, kimyakimya, kwa hiyo 2024-03-15 inakuwa kutoa, unapata 2006, ambayo ukiisoma kama tarehe ya SAS ni 29 Juni 1965. Ukiandika 15/03/2024 inagawanya, 15 kwa 3 ni 5, 5 kwa 2024 ni 0 maana %eval haijui desimali, na 0 ndo ile 1 Januari 1960. Yaani ukikuta wagonjwa wako wote wamelazwa mwaka 1960 anzia kutafuta hapo.

Dawa yake ni hii, ambapo %sysfunc inaleta kazi za SAS ndani ya makro, inputn inageuza maandishi kuwa namba, na date9. inasema tarehe imeandikwaje:

%let n = %sysfunc(inputn(&a, date9.));

Hapo &n inakuwa 23450, na &b ukiipitisha hivyohivyo inakuwa 23468, tofauti siku 18, na ulinganisho unakaa sawa. Tumia inputn, sio input, maana input haikubaliki ndani ya %sysfunc, na usiweke alama za nukuu, makro ikiziona inazichukua kama sehemu ya tarehe yenyewe.

Kuna jambo linatuhusu sisi tunaopokea fomu zilizojazwa kwa Kiswahili na sioni likisemwa, nalo ni kwamba date9. inasoma miezi kwa herufi tatu za Kiingereza, na miezi yetu saba inafanana nayo kabisa, JAN FEB APR JUN JUL SEP NOV, kwa hiyo kodi inapita vizuri na unaamini kazi imeisha, halafu inakuja MAC, MEI, AGO, OKT au DES na unapata nukta, yaani hakuna thamani. Ukijaribu kwa data za Juni na Julai peke yake huwezi kuliona kabisa! Badilisha kwanza kwa tranwrd, inayoweka neno moja mahali pa jingine, moja moja kwa hiyo mitano:

%let a = %sysfunc(tranwrd(%upcase(&a), MAC, MAR));

Kwa tarehe za namba tupu taja mpangilio mwenyewe, ddmmyy10. kwa sisi. Ile anydtdte. inayokisia siipendi hata kidogo, 03/04/2024 inaweza kuwa Machi au Aprili kutegemea kompyuta imesetiwaje, na data ya watu haitakiwi kukisiwa.

Na miaka ya tarakimu mbili jamani tuiache. SAS 9.4 bila kuguswa ina YEARCUTOFF, yaani mwaka unaoanza ile miaka 100 ya kusomea tarakimu mbili, ya 1926, maana yake 25 inasomwa 2025 lakini 26 inasomwa 1926, mtoto aliyeandikishwa kliniki 15/03/26 anageuka mzee wa karne. Kama huwezi kuwabana wanaojaza fomu basi weka options yearcutoff=1950; juu kabisa ya programu, ila angalia kwanza kama una wazee waliozaliwa kabla ya hapo.

Baada ya kugeuza mi naweka mstari huu kila mara:

%if &n = . %then %put ERROR: tarehe &a haisomeki;

Neno ERROR likiwa mwanzoni logi inaliweka jekundu, na hata anayerithi kodi yako mwakani atajua ni tarehe gani imegoma.