Mti wa nyumbani hufuata wenye nyumba

Shangazi yake Hemedi, mume wangu, amesharudi Muheza. Gunia la machungwa alilotuletea limefika chini, shuka alizolalia zimefuliwa na kukunjwa, lakini sentensi yake moja imegoma kuondoka humu ndani. Nikisahihisha madaftari inakuja. Nikiwa kwenye daladala inakuja. Jana imenifuata mpaka kwenye mswala, nikapoteza hesabu ya rakaa. Basi ngoja niiandike.

Ilikuwa hivi. Amemaliza kula, anataka kunawa miguu kabla ya adhuhuri. Nikamtekea maji kwenye kopo, nikamtoa uani, pale kwenye sakafu ya saruji chini ya mpapai. Huo mpapai mnaufahamu, niliutaja wakati ule jiko lilipofurika: hakuna aliyeupanda, uliota wenyewe pale maji ya vyombo yanapomwagika, na sasa umeupita ukuta. Umechanua kupita kiasi. Vishada vyake ni virefu, vinaning'inia, vimejaa vimaua vyembamba vyeupe vyenye umanjano kwa mbali, na vinapukutika mchana kutwa. Kimoja kikanasa kwenye kisigino cha shangazi. Akakibandua kwa kidole, akakitazama, akainua uso akautazama mti.

“Huu unachanua tu,” akasema.

“Ni dume, shangazi.”

“Uliota lini?”

“Mwaka ule tulipohamia.”

Akakung'uta maji mguuni, akatia ndala. “Mti wa nyumbani, mwanangu, hufuata wenye nyumba.”

Nikasema, “Karibu chai, shangazi.”

Basi, hayo tu. Hakuna aliyetukanwa. Sauti haikupanda wala kushuka. Aliniita mwanangu, kama anavyoniita siku zote, na hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu kwa mtu mwingine ningejua nimepigwa kijembe. Kwa shangazi sijui. Aliposema “wenye nyumba” macho yake yalikuwa kwenye ndala. Nimelirudia hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri: ndala, siyo tumbo langu. Halafu najiuliza, kama hakuwa na maana yoyote, mbona aliuliza uliota lini? Mnaonisoma tangu zamani mnajua yaliyotokea mwezi wa Machi, na yale ya kabla ya hapo. Yeye pia anayajua, maana ndiye aliyekuja kunikanda.

Usiku natunga majibu. Kuna la adabu: “Inshallah, shangazi, tuombee.” Kuna la ukali, ambalo siliandiki, kwa sababu wifi yangu anasoma hapa. Na kuna la darasani, refu, ambalo ndilo linaloniwasha, maana mimi kazi yangu ni hiyo! Kidato cha tatu wote wanaweza kukueleza kwamba mpapai una jinsia tatu: kuna dume, kuna jike, na kuna wenye zote mbili ndani ya ua moja. Ukiwa bado mche huwezi kujua, maana shina ni lile lile na majani ni yale yale. Unamwagilia miezi minne, mitano, hata sita, mpaka utoe ua, ndipo ujue ulikuwa unalea nini. Dume hutoa vishada vya kuning'inia. Ua la jike hubana shinani, nene upande wa chini, na ukilipasua unakuta kitoto cha papai kimeshajitengeneza humo. Ndiyo maana wakulima huweka miche mitatu kwenye shimo moja, wakasubiri maua, kisha wakang'oa. Huachwa dume mmoja kwa majike kumi au zaidi.

Na kinachoamua jinsia ya mche ni chavua, ule unga wa maua. Mpapai jike hutoa kromosomu X, ule uzi wa urithi, kila mara, hana nyingine ya kutoa. Dume ndiye mwenye X na Y, kwa hiyo chavua yake hutoka nusu yenye X, nusu yenye Y. Ni sawasawa na binadamu, ingawa Y ya mpapai ni changa mno. Watafiti walioichunguza na kuitangaza mwaka 2004 waliiona kuwa bado iko katika hatua za mwanzo za kuwa Y. Kuna na jingine: mpapai wenye jinsia mbili, ambao nao una Y yake, ukijichavusha wenyewe, robo ya viinitete hupata Y mbili, na hivyo hufa humo humo ndani ya mbegu. Hilo halimo kwenye mtaala wetu. Mwaka huu nashukuru halimo.

Sasa yote haya ningemwambia nani, na kopo mkononi?

Jirani yetu, baba Zuhura, yeye ana dawa. Kila akiuona mti huu juu ya ukuta ananiambia, “Mwalimu, pigilia msumari, utageuka jike.” Wengine hupasua shina wakachomeka jiwe, wengine hukata kichwa. Na huwezi kubishana nao, kwa sababu mpapai dume kweli huweza siku moja kutoa vipapai vichache, vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu, hasa hali ya hewa inapobadilika. Vipapai vikitoka, aliyegonga msumari mwezi uliopita anahesabu kuwa ni msumari wake. Mimi nami nimeshapigiliwa misumari yangu: kombe, mizizi ya kuchemsha, mafuta ya kukandia, na daktari wa hospitali ya Bombo aliyesema kwa upole tusubiri. Huyo wa mwisho ndiye pekee ambaye hakutoza kitu juu ya ada ya kumwona.

Wiki ilikuwa na mambo mengine. Wakaguzi walikuja wakaondoka, posa ya mdogo wangu imejibiwa, na barua ya uhamisho wa Kilindi imefika mezani kwa mkuu wa shule. Nitayaandika nikipata nafasi.

Jumatano nilifungua boksi la maswali. Wageni hapa hawalijui: ni boksi la biskuti nililolitoboa juu, liko nyuma ya darasa, na mwanafunzi anaweza kutumbukiza swali lolote la kiumbe hai bila kuandika jina. Hutoka mambo. Kwa nini mbu dume haumi? (Hana mayai ya kulisha, damu ya nini? Anakunywa utomvu mtamu wa maua.) Kuku wa mayai anatagaje bila jogoo? (Anataga tu, ila yai halianguliwi.) Mkia wa mjusi ukikatika unacheza, je, unaumwa? Hili la mkia huulizwa kila mwaka, na kila mwaka kuna kijana wa nyuma anayetaka tufanye jaribio. Mkia una sehemu zilizokwisha kuandaliwa kukatika, na ule mchezo wake ni wa kumshughulisha paka huku mwenyewe akitokomea. Jaribio hatufanyi.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya kalamu ya zambarau: “Madam, mpapai dume hauzai. Kwa nini watu wasiikate yote iishe?”

Nilitazama darasa kwa sekunde kadhaa, nione kama kuna mwenye undugu na Muheza.

Kengele ilikuwa imeshalia, na Kiingereza chetu huishia kwenye kengele, kwa hiyo nilijibu kwa Kiswahili nikiwa nimekalia meza. Nikawaambia ikikatwa yote, mipapai jike ya mtaa mzima itaangusha maua yake, au itatoa mapapai machache yasiyo na mbegu. Wenye jinsia mbili watajitegemea, lakini jike anahitaji chavua, na chavua inaletwa. Nani anaileta? Wakasema nyuki. Nyuki hufika, lakini mfanyakazi mkubwa ni nondo, wale wakubwa wenye mrija mrefu wanaokuja giza likiingia na kunywa huku wakielea hewani bila kutua. Mtafiti wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, aliwafuatilia nondo hao kwenye mipapai ya kwao, na kazi aliyoitoa mwaka 2009 pamoja na mwenzake ilionyesha kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye vichaka vya asili, na hali ya vichaka hivyo, vinaathiri uchavushaji. Ukifyeka msitu wote kando ya shamba, unawafukuza vibarua wako wa usiku.

Halafu nikawapa lile ninalolipenda. Ua la dume lina nekta, ule utomvu mtamu, tena linanukia vizuri magharibi. Ua la jike halina hata tone. Nondo amezoea kunywa kwa dume, na kwenye giza anaona kitu cheupe chenye umbo linalokaribiana, anajaribu, hapati kitu, anaondoka. Lakini ameshaacha chavua.

Kimya kidogo, kisha sauti ya msichana mmoja kutoka dirishani: “Kwa hiyo, Madam, jike ni tapeli?”

Darasa likavunjika. Nami nilicheka nao mpaka mwalimu wa zamu akachungulia. Na nilipokuwa kwenye bajaji nikirudi, mkoba magotini, nikiwa nimeianza upya ile sinema ya kisigino na kimaua na ndala, ndipo jambo likanigonga ambalo sijui lilikuwa limejificha wapi siku zote hizi. Kama mti wa nyumbani hufuata wenye nyumba, na mti wenyewe ni dume, basi shangazi alikuwa anamsema nani? Humu ndani dume ni mmoja, tena ni mtoto wa kaka yake! Nilicheka peke yangu. Dereva akaniangalia kwenye kioo.

Na haikuishia hapo. Jioni ile ile ya ugeni wake tulimkatia papai, tukamwekea na ndimu, akala sahani nzima akaifuta kwa kidole. Papai lilitoka kwa mama Zuhura, upande wa pili wa ukuta, kwenye mpapai jike ulioelemewa hadi wameukaza kwa mti wa nguzo. Lilikuwa duara, kama yalivyo mapapai ya jike, na lilijaa mbegu nyeusi tele. Mbegu maana yake chavua ilifika. Mtaani kwetu dume ninayemjua ni huyu wetu. Jumlisheni wenyewe.

Usiku nikamtoa Hemedi uani. Alidhani ni maji yamekatika. Nikamwambia azime tochi ya simu, tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, harufu ya yale maua ikatukuta. Alikuja nondo mmoja, mkubwa, mwenye kijivu mgongoni. Mabawa huyaoni, unaona ukungu tu pande zote mbili za mwili wake. Aliingiza mrija kwenye ua moja, akahama, akaingiza kwenye jingine, na kila alipochomoa kishada kilitikisika kidogo. Kisha akapanda juu ya ukuta akaelekea kwa mama Zuhura.

“Anakwenda kudanganywa huyo,” nikasema, nikamweleza Hemedi yote, na ya shangazi yakiwamo. Sikuwa nimemwambia.

Alikaa kimya. Alivyo mnajua, hujibu jambo baada ya taarifa ya habari. Mwishoni akasema, “Kwa hiyo mpapai ni mimi.”

“Si mimi niliyesema. Ni shangazi yako.”

“Na nilikuwa nataka kuukata Jumamosi niweke simtanki.”

“Najua.”

“Simtanki itakaa upande wa choo,” akasema, akaingia ndani. Nilimsikia akicheka chumbani, akiwa peke yake.

Leo mchana shangazi ametuma sauti kwenye simu ya Hemedi. Nyuma yake kuku wanalia na mtu anatwanga. Salamu zilikuwa ndefu, akauliza hali ya mgongo wangu, akasema ananiombea kila alfajiri, na sauti yake hapo ilitetereka kidogo, nikaona haya kwa baadhi ya majibu niliyoyatunga usiku. Halafu: “Mwambie mke wako lile papai lilikuwa tamu, sijapata kula. Aniwekee mbegu nipande hapa nyuma ya nyumba.”

Mama Zuhura amenipa papai jingine. Nimezifikicha mbegu kwenye chujio mpaka ule utando wa utelezi ukatoka, maana ukiuacha zinachelewa kuota, na sasa zimetandazwa kivulini kwenye gazeti. Nimehesabu chache zenye afya, nitazifunga kwenye kitambaa, Hemedi atampelekea. Zile zenye Y na zile zisizo nayo zinafanana kabisa. Nusu yake itakuwa madume, na itachukua karibu nusu mwaka kabla hajaona vishada vya kwanza. Sitamwambia kitu. Nikiulizwa nitasema miti ya nyumbani.

Hayo ya mpapai nimemaliza. Kinachoninyima usingizi sasa ni hadubini. Ile moja nzima iliyobaki maabara, lenzi yake ya 40 imeota ukungu kwa hewa yetu hii ya chumvi, unaona nyuzinyuzi kama umetazama ndani ya mkate uliooza, na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne ni Novemba. Nimeifuta kwa spiriti, nje imesafika, ndani bado. Nilipiga simu Dar kuuliza bei ya lenzi mpya, nikakata kabla muuzaji hajamaliza kuitaja. Kama kuna anayemjua fundi wa hadubini Tanga, au hata Moshi, aniandikie kabla barua ya Kilindi haijanipita mkononi.