Nilivyojitolea Tanga kutengeneza filta za maji za udongo

Kuna watu wananiuliza mtu wa Mombasa nilifuata nini Tanga kwenye udongo, basi leo naeleza, na kama na wewe unafikiria kujitolea kwenye mradi wa filta za udongo hii itakufaa, maana wengi wanadhani kazi ni mashine na hela za wafadhili. Kazi yenyewe hasa iko kwenye kupima.

Filta ni chungu tu kinachokaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki. Aliibuni Fernando Mazariegos kule Guatemala mwaka 1981, baadae Ron Rivera akazunguka nchi nyingi kuwafundisha wafinyanzi watengeneze wenyewe. Udongo unakaushwa, unatwangwa, unachekechwa, unachanganywa na vumbi la mbao lililochekechwa vilevile. Kwenye moto lile vumbi linaungua linaacha vitundu vidogo mno, maji yanapenya, vijidudu vingi vinanasa. Ikipoa na ikishafaulu kupimwa inapakwa madini ya fedha yaliyochanganywa na maji, hayo yanaua bakteria.

Vibali nilishughulikia mapema, nikavuka mpaka pale Horohoro hadi kijiji kimoja upande wa Muheza ambako akina mama wanafinyanga vyungu na mitungi tangu wakiwa watoto, kwa hiyo habari ya udongo wao ndio walinifundisha mimi. Kuna bi mkubwa alikuwa anausugua udongo kwa kidole gumba na cha shahada, anaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akishasema una mchanga huu basi usibishe, utapasuka. Vumbi la mbao tulipata kwenye mashine za mbao, Muheza mitiki si ya kutafuta, shamba la Longuza liko hapohapo. Fundi wa kuchomelea akatuundia fremu na kalibu, jeki ya lori inakandamiza, chungu kinatoka kimekamilika.

Kusi ilitusumbua kidogo, upepo unakausha upande mmoja chungu kinapata ufa, tukawa tunafunika na viroba na kuvigeuza, ikaisha.

Sasa kupima. Filta ikishachomwa unailoweka usiku na mchana, halafu unaijaza mpaka juu, unangoja saa moja uone imetoa maji kiasi gani. Sisi tulishika lita 1 mpaka 2 na nusu. Ikitoa kidogo sana familia itachoka kusubiri itarudi kwenye maji ya kisima, ikitoa nyingi ujue ina ufa usiouona au vitundu vikubwa na uchafu unapita nao. Haya mwambie mama aliyebeba kuni akakesha na tanuri kwamba hii iliyonyooka hivi haifai! "Mwanangu, chungu kizima hiki unakitupa?" Niliwaelewa kabisa, ni jasho lao lile.

Sikubishana nao. Niliwaachia rula na saa wapime wenyewe, na kwa kila filta nauliza swali moja tu, bibi, hii utampa mjukuu wako? Yule bi mkubwa akaangalia maji yalivyoshuka haraka, akanyamaza, akainyanyua kwa mikono yake akaiweka kando. Kuanzia hapo wakawa wakali kuliko mimi, mpaka zile zilizofaulu kwa shida wanazipima tena. Zilizofeli hazikupakwa fedha, tukazitoboa chini zikauzwa za kupandia maua, hela ikarudi kwenye kikundi na hiyo ilisaidia sana kutuliza roho.

Halafu wateja waambieni ukweli. Walikuja watu wa vijiji vya pwani kabisa ambako visima vina chumvi, wakitaka maji yawe matamu, tukawaambia filta hii haitoi chumvi, na virusi pia haizuii vizuri. Wengine waliondoka bila kununua, sawa tu. Walionunua tuliwaonyesha kusugua chungu kwa brashi laini bila sabuni, ile ndoo ndio inaoshwa na sabuni. Kunywa haikuwa shida, mtu wa pwani maji ya mtungi ameyazoea.

Kwa hiyo ukipata nafasi mahali, kabla hujakata tiketi waulize nani anapima, na zilizofeli zinaenda wapi. Wakibabaika kujibu tafuta mradi mwingine.