Hatimaye kompyuta yangu ya gemu imewaka

Jamani, imewaka! Miezi saba nadunduliza, bajeti shilingi 1,600,000, na sasa hivi nawaandikia nikiwa nimekaa mbele yake.

Kilichoniumiza kichwa ni kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini. Nilizunguka Kariakoo siku tatu, mwisho nikachukua RX 6600 iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8. Sikutoa hela mpaka muuzaji alipoichomeka na kuichezesha gemu nusu saa nzima mbele yangu. Nikasikiliza feni, nikamulika tochi ya simu kwenye mapezi ya kupozea nione kama kuna kutu, maana sisi wa pwani chumvi ya bahari haituachi.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Ryzen 5 5600 yenye kori (vitengo vya kuchakata) 6, na ikiwa mpya inakuja na feni yake ndani ya boksi, hapo nimeokoa. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nimeweka vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Vikiwa viwili prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kwenye gemu tofauti unaiona.

Ila pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndugu zangu, msibane hela hapo. Mwaka juzi niliweka ya bei chee. Umeme ulikatika, uliporudi nikasikia "pwaa!", harufu ya plastiki ikajaa chumbani, na ubao mama, unaounganisha vifaa vyote, ukafa nayo. Niliumia sana. Safari hii nimenunua ya wati 550, yenye kinga ya umeme kuzidi na waranti ya miaka mitano, SSD, diski ya kuhifadhia gemu, ikabaki ya GB 500 tu. Gemu zangu tatu zimeenea.

Mdogo wangu ameshasimama hapa mlangoni, padi mkononi.